Mtamba Akishindwa Kuzaa, Nani Ana Deni?

Mzee mmoja wa Gongo la Mboto, mstaafu wa reli, alitujia hivi karibuni na swali la dhamiri. Alikuwa amekosa Misa ya Jumapili. Usiku wa kuamkia siku hiyo mtamba wake alishikwa na uchungu, na hata kulipopambazuka ndama alikuwa hajatoka. Mzee alibaki bandani pamoja na watu wake, akaisikia kengele ya parokia ikilia huku mikono yake imejaa damu hadi viwikoni. Akatuuliza: "Je, nilitenda dhambi?"

Swali hilo lina jibu fupi, na tulimpa papo hapo. Bwana wetu mwenyewe, alipobishana na Mafarisayo juu ya Sabato, aliwatajia ng'ombe aliyetumbukia kisimani, wala hakuonekana mtu wa kumjibu. Aliyezuiwa na haja kubwa ya namna hiyo hana hatia kwa kukosa Misa. Mzee aliondoka ameridhika.

Sisi ndio tuliobaki bila kuridhika. Maana katika kutusimulia habari za usiku ule alikuwa ametueleza mambo mengine mengi ambayo hakuyaulizia neno, na kwa maoni yetu swali la dhamiri lilikuwa huko. Siku chache baadaye tulimfuata nyumbani kwake, tukazungumza naye kwa kirefu, na kwa ruhusa yake twaandika haya. Twajua ya kuwa jamaa nyingi za Kikristo, za mjini na za shamba, hufuga ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa, na usiku kama ule waweza kuifikia jamaa yoyote kati ya hizo.

Kwa msomaji asiyepajua, Gongo la Mboto ni pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, mtu akiupita uwanja wa ndege kwa Barabara ya Nyerere na kuelekea Pugu. Wazee wanapakumbuka palipokuwa mashamba. Leo nyumba zimebanana, na kati ya ukuta na ukuta hapana nafasi ya kugeuza mkokoteni. Mbele kidogo, huko Pugu, uko mnada ambako ng'ombe wa kuchinjwa hushushwa kutoka mikoa ya bara. Hao ndio ng'ombe wanaoonekana na wapita njia. Wale wa maziwa hawaonekani. Wamo nyuma ya nyumba, katika mabanda ya mbao na mabati, na jirani hujua kuwa wapo kwa harufu, na kwa maziwa yaletwayo mlangoni asubuhi. Ufugaji huu ulienea sana jijini katika miaka ya 1980, mshahara wa mtumishi ulipokuwa haufiki hata nusu ya mwezi. Baadaye serikali iliuwekea mipaka kwa kanuni za mwaka 1992 za kilimo cha mjini: ng'ombe wasizidi wanne, nao wafugwe ndani, wasizurure.

Jambo hilo la kufugwa ndani twamwomba msomaji alishike, kwa kuwa ndilo msingi wa maneno yetu yote.

Ng'ombe wa kienyeji wa Ugogo au wa Usukuma huishi katika kundi. Hupandwa na fahali wa kundi lake, mwenye umbo la kadiri yake, na mara nyingi huzaa peke yake machungani pasipo kuguswa na mkono wa mtu. Jioni mchungaji humkuta ana ndama ubavuni. Ng'ombe wa Gongo la Mboto hana hata kimoja cha hivyo. Chakula chake ni kile tunachomletea. Tukimpa pumba tupu wakati wa kiangazi, hula pumba tupu. Fahali wake huja juu ya pikipiki, ndani ya mtungi wenye baridi kali, katika mrija mwembamba kama unyasi, na jina la fahali limeandikwa juu ya mrija. Mbegu hizo nyingine hutoka katika kituo cha taifa cha uhimilishaji kilichoko Usa River, Arusha, na nyingine huagizwa ng'ambo. Siku ya kupandishwa twaipanga sisi. Fahali twamchagua sisi. Mahali pa kuzalia ni pale pale alipofungwa, juu ya saruji au juu ya matope, kadiri ya mkono wa mwenye mali.

Sasa mtu aliyekwisha kuyatwaa maamuzi yote hayo, asemeje siku mtamba wake anaposhindwa kuzaa? Mzee wetu alisema: "Ni bahati mbaya. Mungu hakupenda." Sisi twasema, tusimsingizie Mungu jambo ambalo twaweza kulifuata nyuma hatua kwa hatua mpaka tukafika kwenye mlango wetu wenyewe.

Tulilifuata pamoja naye. Mtamba alikuwa chotara, naye alimpata angali mdogo katika mpango wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe wa kikundi chao. Wasomaji wengi wanaujua mpango wa namna hiyo: mtu hupewa jike, na ndama jike wa kwanza atakayezaliwa humpa mwenzake aliye wa pili katika orodha. Wa pili katika orodha alikuwa mama mmoja muuza vitumbua, mwenye watoto wanne. Mwaka ule mvua zilikuwa haba, majani yakawa ghali, na mtamba akakua kwa shida. Alipotimiza miezi kumi na minane alionyesha dalili za kutaka dume, akaitwa mpandishaji. Mpandishaji alimtazama, akasema kwamba bado ni mdogo, afadhali wangoje miezi minne au mitano. Mzee hakutaka. Kila mwezi wa kungoja ni mwezi wa kulisha pasipo maziwa, tena yule mama wa vitumbua alikuwa akiulizia kila wiki. Mpandishaji alipouliza ni dume gani, mzee alijibu: "Mkubwa kuliko wote." Akapewa Friesian mkubwa. Mpandishaji naye hula kwa kazi yake, akatii.

Si umri unaomwezesha mtamba kubeba mimba na kuizaa, ni mwili. Wataalamu hupenda mtamba chotara afikie kilo 250 hivi kabla ya kupandishwa. Asiye na mizani asiseme ya kwamba hana njia, kwa kuwa uko utepe wa kuzungushia kifua, nyuma ya miguu ya mbele, unaokadiria uzito. Mabwana mifugo wanao. Ndama wa Friesian huzaliwa na kilo 40 hivi. Wa Jersey huwa na 25 hivi. Nyonga za mtamba aliyedumaa ni mlango mwembamba. Na mrija wa Jersey, mzee alikiri mwenyewe, haukuwa na bei kubwa kuliko ule alioutaka. Hapo palikuwa na nafasi ya huruma isiyogharimu hata senti moja, nayo ilipita mchana kweupe, watu wakicheka na kunywa chai, miezi tisa kabla ya damu.

Tusidhani kuwa kosa hili ni la watu wasiosoma. Huko Ubelgiji iko aina ya ng'ombe wa nyama, weupe na wa rangi ya kijivu, ambao kwa miaka mingi wamechaguliwa kwa ajili ya minofu, hata minofu yao imekuwa kama maradufu. Nyama yao ni nyingi na laini. Walakini majike wao karibu hawawezi tena kuzaa kwa njia ya asili. Zaidi ya tisa katika kila kumi hupasuliwa na daktari, ndama akatolewa ubavuni. Kazi hiyo hufanywa kwa ustadi na kwa dawa ya ganzi, na wengi hupona. Huwezi kumwonyesha kidole mtu mmoja ukasema, huyu amemtesa mnyama. Daktari afanya kazi yake vizuri, mfugaji amtunza ng'ombe wake, mwenye bucha auza nyama safi. Lakini tukiwatazama wote kwa pamoja twaona kiumbe aliyefanywa asiweze kuzaa pasipo kisu, kwa sababu paja lake lauzwa ghali. Sisi twaona ya kuwa hapo mwanadamu amevuka mpaka wa mamlaka aliyopewa, na mrija wa mzee wetu ni hatua ndogo katika njia ile ile.

Turudi bandani. Mfuko wa maji ulipasuka saa tatu ya usiku. Saa nne zikaonekana kwato mbili. Kijana wa kazi, mzaliwa wa Singida aliyekulia kati ya ng'ombe, alizitazama kwa tochi, akasema: "Mzee, kwato hizi ni nene mno. Tumwite daktari." Mzee akajibu kuwa wangoje asubuhi. Daktari aitwaye usiku hudai zaidi ya yule wa mchana, na nauli yake juu.

Kungoja kuna wakati wake. Zile saa za kwanza, mtamba anapohangaika, akilala na kuinuka, akiutazama ubavu wake, yafaa aachwe kwa utulivu. Mikono ya haraka humdhuru. Lakini mfuko wa maji ukishapasuka na kazi ya kusukuma ikishika, saa moja ikipita, au mbili kwa mtamba, pasipo hatua yoyote, kungoja huko hakuitwi tena subira. Hapo mwenye ujuzi huosha mkono kwa sabuni na maji mengi, akauingiza apate kujua. Akikuta miguu miwili ya mbele na pua imelala juu yake, njia ni njema. Akikuta kichwa kimegeukia nyuma, au mguu umekunjika gotini, au akigusa mkia tu, basi kuvuta ni kuwaua wote wawili. Yapasa kwanza ndama arudishwe ndani taratibu, katikati ya sukumo moja na jingine, kiungo kinyoshwe, na kwato ifunikwe kwa kiganja isije ikaupasua mji wa mimba. Asiyeijua kazi hiyo asijifunzie kwa ng'ombe aliye katika hatari.

Kwa mtamba wa mzee, ndama alikaa sawa; alikuwa mkubwa tu. Daktari aliyeitwa saa nne ya usiku angekuwa na mambo mawili ya kuchagua: ama kumvuta ndama kwa utaratibu, kwa mafuta mengi na kamba laini iliyofungwa juu ya kifundo, mama akisukuma ndipo mtu avute, mama akipumzika mtu naye apumzike, ama kumpasua mama ubavuni angali ana nguvu. Kazi hii ya pili madaktari wetu waliosomea Morogoro wanaijua, nayo hufanyika hata nyumbani, ng'ombe akiwa amesimama. Aliyeitwa asubuhi hakuwa na la kuchagua. Maana saa kumi na moja ya alfajiri wanaume watano walikwisha kukusanyika, wakafunga kamba ya nailoni, wakavuta kwa wimbo kama watu wanaovuta jahazi. Jirani mmoja alishauri kamba ifungwe kwenye gari lake. Twamshukuru Mungu kwa kuwa asubuhi ile gari lilikataa kuwaka. Saa moja, kengele ikilia, ndama alitoka. Alikuwa jike, naye amekufa. Mtamba hakuinuka.

Mke wa mzee alitutengea chai, akaketi, akauliza jambo ambalo mumewe hakuliuliza. Daktari alikuwa amewaambia kwamba, ndama akifia tumboni na kushindikana kutoka, yeye humkata vipande humo humo ndani ili amwokoe mama. "Je," akasema yule mama, "hilo si lile tunalofundishwa kuwa haliruhusiwi?"

Twamheshimu kwa kuuliza, na twadhani wako wengine wenye mashaka kama yake. Mafundisho ya Kanisa juu ya mama na mtoto aliye tumboni yahusu watu, ambao kila mmoja ana roho isiyokufa na uhai ambao si mali ya mtu. Hayahamishiwi bandani. Ndama aliyekwisha kufa akikatwa ili mama yake aishi, hilo si kosa, bali ni wajibu kwa ajuaye kulifanya. Hata ndama aliye hai, daktari akiona kuwa hawezi kutoka na kwamba wote wawili watakufa, aweza kuuawa upesi ili mmoja apone. Mambo haya ni mazito kuyatazama, lakini uzito wake ni wa macho na wa tumbo. Dhamiri isiyachukue kama dhambi.

Wengine huliruka jibu hilo mpaka upande wa pili. Husema, basi, kama mnyama si mtu, hatuna deni lolote kwake. Hilo silo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha zamani kwamba mtu aliyezoea ukatili kwa wanyama hujizoeza ukatili kwa wanadamu. Neno hilo ni la kweli, walakini lamtazama mtu peke yake, kana kwamba ng'ombe ni jiwe la kunolea tabia zetu. Katekisimu ya mwaka 1992 yaenda mbele zaidi: yafundisha kuwa wanyama ni viumbe vya Mungu na kwamba tunawiwa wema kwao, kwamba ni halali kuwatumia kwa chakula na kwa kazi, na kwamba kuwatesa au kuwaua pasipo sababu ni kinyume cha heshima ya mtu. Katika Agano la Kale Waisraeli waliagizwa wamsaidie hata punda wa adui yao aliyelala chini ya mzigo wake. Mzigo ule aliubeba adui, na bado deni la kumwinua punda lilimwangukia apitaye njiani. Je, si zaidi kwake aliyeuweka mzigo mwenyewe?

(Shule ya Pugu, ambayo wakazi wa Gongo la Mboto huiona kila wapitapo, ilijulikana zamani kwa jina la Mtakatifu Fransisko. Ni neno la kando, lakini halikukosa kutujia akilini tulipokuwa tukirudi.)

Yuko msomaji atakayekunja gazeti hapa na kusema: maneno haya ni ya watu walioshiba. Nina ada ya shule ya kulipa Januari, na ninyi mwaniambia nimpasulie ng'ombe kwa fedha ya kidato kizima? Tunamsikia. Katekisimu ile ile yaonya pia kwamba haifai kutumia kwa wanyama fedha ambayo kwanza ingepasa kupunguza taabu ya watu. Mtoto yu mbele ya ng'ombe, na baba aliyekataa upasuaji kwa sababu hana uwezo hakutenda kosa. Wala hatumhukumu mzee wetu kwa kuogopa gharama za usiku. Pensheni yake twaijua, maana alituonyesha.

Lakini tazameni hesabu yenyewe jinsi ilivyo. Kuchagua dume mdogo hakukumgharimu kitu. Kungoja miezi minne kungemgharimu majani. Kumwita daktari saa nne ya usiku kungemgharimu fedha ya kuuma, lakini ndogo kuliko thamani ya mtamba. Kumpasua kungekuwa ghali zaidi. Na ile ya asubuhi, ya kutofanya lolote kwa wakati wake, ndiyo iliyokula mtamba, na ndama, na maziwa ya miaka, na haki ya mama muuza vitumbua. Huruma hupanda bei kila inapoahirishwa, na mtu maskini ndiye mwenye sababu kubwa ya kuinunua mapema. Na pale ambapo kweli hakuna fedha wala daktari, liko deni moja ambalo hata maskini kabisa aweza kulilipa, nalo ni kutomwacha mnyama afe kidogo kidogo kwa siku tatu ili tusione haya ya kukata tamaa. Kifo cha upesi kwa mkono unaojua ni wema. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, lakini polisi hawaingii mabandani usiku.

Tumemtaja kijana wa kazi mara moja tu, nasi twaona aibu kwa hilo, kwa sababu katika usiku ule mkono ulioingia ndani ya mtamba ulikuwa wake, si wa mzee. Uliingia mtupu, bila glavu, ukiwa na mchubuko wa panga la kukatia majani. Ng'ombe huweza kubeba ugonjwa wa kutupa mimba, ambao kwa mtu huleta homa za miezi na maumivu ya viungo, na mara nyingi hudhaniwa kuwa ni malaria. Mwaka 2007 Homa ya Bonde la Ufa ilipoingia nchini iliua watu zaidi ya mia moja, na moja ya njia zake ni damu na maji ya uzazi wa mifugo, hasa mimba iliyoharibika. Glavu ndefu za plastiki huuzwa katika maduka ya dawa za mifugo kwa bei ya chupa chache za soda. Tulipomwuliza mzee kwa nini hakununua, alituambia kwa unyofu kuwa halikumjia wazo. Twamsadiki. Watu wengi wema huwakosea wafanyakazi wao kwa njia hiyo: hawakusudii ubaya, ila hawakufikiri. Mtu anayejiuliza kama anawiwa kitu na ng'ombe aanze kwanza kwa kijana aliyelala pamoja na ng'ombe huyo, aliyeona mapema kuliko wote kwamba kwato ni nene, na ambaye neno lake halikusikilizwa kwa kuwa mshahara wake ni mdogo.

Basi mtamba alilala. Ndama mkubwa akivutwa kwa nguvu mno, mishipa ya fahamu ipitayo nyongani huumia, na miguu ya nyuma hupoteza nguvu au hutanuka ovyo kama ya kiti kilichovunjika. Daktari alimdunga sindano za maumivu na za kuzuia vidonda kuoza, akaamuru alazwe juu ya majani mengi, miguu ifungwe kwa kamba laini isitanuke, ageuzwe ubavu mara kadhaa mchana na usiku. Wengine huinuka baada ya siku chache. Kijana alimgeuza siku tatu, pamoja na mke wa mzee, na majirani walipokezana.

Siku ya tatu jioni alikuja mtu wa nyama. Alimtazama, akataja bei. Haikuwa bei mbaya. Ingelipa daktari na kubakiza. Mzee akamwambia kwamba mnyama amedungwa dawa, na daktari ameonya nyama isiliwe mpaka zipite siku zilizoandikwa juu ya chupa. Yule mtu akacheka, akasema ya kuwa nyama ikishakatwa na kutundikwa haina historia, na mkaguzi hatamwona, kwa kuwa kazi itafanyika usiku.

Mzee alitusimulia hayo bila kujisifu, kama mtu anayesimulia habari ya bei ya mashudu. Alisema aliingia ndani, akakaa kitandani kwa muda, akahesabu. Ada ya mjukuu ilikuwa humo katika ile bei. Kisha akatoka, akamwambia yule mtu aende zake. Tulimwuliza ni nini kilichomfanya akatae. Alifikiri kidogo, akajibu kwamba aliwakumbuka watu wanaonunua nyama robo kilo jioni wakitoka kazini, wakiwa wamechoka, wala hawaulizi.

Mtu huyu alikuja kwetu akiogopa kuwa ametenda dhambi kwa kukosa Misa, na hakujua kuwa Jumanne ile, pasipo shahidi, alikuwa ameshinda jaribu ambalo wengi wetu, wa mijini na wenye elimu, tungeanguka. Wala ushindi huo haufuti lile kosa la mrija. Yote mawili ni yake, na tulimwambia hivyo mezani kwake. Hakukasirika. Mkewe ndiye aliyesema, "Bora mmesema ninyi, mimi nilisema tangu siku ile ya pikipiki."

Siku ya nne daktari alirudi, akatikisa kichwa, na mtamba aliuawa kwa njia isiyo ya maumivu. Alizikwa katika shimo refu kwenye kiwanja cha ndugu wa mzee, upande wa Chanika, kwa kuwa Gongo la Mboto hakuna tena mahali pa kumzika ng'ombe. Gari lililomchukua ni la yule jirani. Safari hiyo liliwaka.

Deni la kikundi lingali liko. Mzee ana ng'ombe mwingine, mkubwa, aliyekwisha kuzaa mara mbili bila shida, na mwezi uliopita amepandishwa kwa mrija wa Jersey. Mama muuza vitumbua amekubali kungoja ndama huyo, kama atakuwa jike. Tangu hapo hupita bandani karibu kila jioni na beseni lake tupu kichwani, humtazama ng'ombe tumbo, humwuliza kijana habari zake, ndipo huenda nyumbani. Glavu zimenunuliwa. Tuliziona ndani ya kopo juu ya dirisha la jikoni, pamoja na sabuni, kamba laini ya pamba, na namba ya simu ya daktari iliyoandikwa kwa mkaa ukutani.